Walimu wa kujitolea wa gumbaru: mnawashikaje?

Mama Rehani, Kisumu
Hamjambo. Nina darasa la gumbaru, yaani watu wazima wanaojifunza kusoma, hapa Dunga, kina mama kumi na wanne, wengi wauza samaki. Wanaofundisha ni vijana waliomaliza fomu foo, bila malipo. Wa kwanza alikaa wiki tatu, akapata bodaboda, kwaheri. Wa pili anajua kufundisha lakini ana mdomo: alimwambia nyanya wa miaka 67 anashika kalamu kama mwiko. Darasa likacheka. Nyanya hajarudi. Nifanyeje?

Fundi Cherehani, Nakuru
Nauli, dada. Kujitolea si kutembea kwa miguu kutoka Kaptembwo mpaka mjini. Sisi tunachanga hamsini hamsini kwa wiki. Na weka wawili kwa zamu, mmoja akitoroka usibaki na chaki mkononi.

Kijana wa Eldoret
Huyo wa mdomo anatumia kitabu cha nasari, sivyo? Mama mzima haimbi a-e-i-o-u. Wangu walianza na ujumbe wa M-Pesa kwenye simu zao: “umepokea”, “salio”. Mzee Maruge alipoingia darasa la kwanza hapa kwetu mwaka 2004, miaka 84, alitaka kusoma Biblia mwenyewe. Muulize kila mmoja anataka kusoma nini.

Mama Rehani
Kitabu cha nasari, naam, umenikamata. Nimetoka kwa nyanya sasa hivi, nimemburuta na yule kijana aombe radhi. Nyanya anataka kusoma daftari la madeni ya omena. Anashuku mjukuu anamwibia gorogoro (mikebe ya kupimia) mbili mbili. Jumanne tunaanza na hilo daftari.