Namba pleti ya mbele: bampa litobolewe, au dashibodi yatosha?

Wenzangu wa Mombasa, kila gari likitoka bandarini ubishi ni huu huu. Mwenyewe hataki bampa lake liguswe na keekee, basi pleti ya mbele anaiweka juu ya dashibodi, nyuma ya kioo, na kusema inaonekana, yatosha.

Mimi nasema haitoshi. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka pleti zifungwe kwenye gari, si kuwekwa tu. Jua la saa saba likipiga kioo, ile ya dashibodi huisomi hata ukiwa karibu, na breki ikikanyagwa ghafla bati lile huruka. Kubwa kuliko yote: mtu akigongwa Bamburi au Mtwapa na dereva akatoroka, shahidi aliyekuwa akilitazama gari likija ameuona upande wa mbele tu. Kama hapakuwa na namba, familia ya aliyegongwa itaanzia wapi?

Hofu ya kutoboa naielewa. Magari yetu mengi yanatoka Japani, na pleti ya huko ni milimita 330 kwa 165. Yetu ya mbele ni ndefu na nyembamba. Matundu hayalingani, basi fundi anatoboa anapopaona. Nimeona Toyota Fielder yenye matundu manne mapya kwenye bampa, na skrubu ndefu imepenya hadi inagusa kondensa ya AC, ile ya kupoza gesi yake, iliyo nyuma ya bampa.

Na matundu ya kiwandani yapo pale pale, mawili, yameachana milimita 210! Fundi akate ukanda wa aluminiamu, aufunge kwenye matundu hayo, kisha pleti aipige riveti juu ya ukanda. Bampa halitobolewi popote. Nyuma ya pleti atie vipande vya mpira, isigongegonge wala kukwaruza rangi. Skrubu ziwe za stenlesi, maana hewa ya bahari hula chuma cha kawaida upesi, na kutu huteremka kwenye bampa kwa michirizi. Pleti isizibe grili ya chini, rejeta ipate hewa kwa joto letu hili, wala isifunike sensa.

Sasa tubishane hapa: kwa nini yadi ya kuuza magari isikabidhi gari likiwa na ukanda huo tayari? Gari la mamilioni, kipande cha bati ndicho kiwe mzigo wa mnunuzi? Nanyi mnaotetea dashibodi, nijibuni hilo la shahidi kwanza.