Mashine ilinikata vidole, patrone (mwajiri) anataka nisaini karatasi. Nifanye nini?

Sudere_Kampemba

Yambo wandugu. Naandika kwa mkono wa kushoto, mkiona makosa muniwie radhi.

Mimi ni sudere, fundi wa kuchomelea chuma. Tangu mwezi wa tatu nafanya kazi katika atelie moja nje ya Lubumbashi, njia ya kwenda Likasi. Atelie ni ya sosiete ndogo inayopewa kazi na sosiete kubwa ya mgodi. Tuko jurnalie wote, vibarua wa siku kwa siku: asubuhi kapita, msimamizi wetu, anasoma majina, Jumamosi tunalipwa kwenye daftari, tunaweka dole gumba. Hakuna kontra (mkataba), hakuna bilitini ya mshahara.

Wiki tatu zilizopita disiki ya mashine ya kukatia chuma ilipasuka. Kifuniko chake kilitolewa zamani, mimi nilikikuta hakipo. Ilichukua ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume. Walinipeleka dispansere, wakalipa kushona na bandeji za kwanza. Kutoka siku ile, kimya. Dawa najinunulia.

Juzi kapita amenipigia: nije nipokee franga 300.000 na kusaini kwamba nimepata vyote, sitadai tena kitu. Nilipouliza CNSS, mfuko wa serikali wa hifadhi ya jamii, akacheka. Eti jurnalie hajawahi kukatwa hata franga moja, basi hana haki ya kitu.

Mke wangu anasema nipokee, watoto wamefukuzwa shule. Yaya yangu, yule mkubwa wangu, anasema nisiguse kalamu. Nani ana haki?

Mama_Katuba

Pole sana baba. Kalamu iache kwanza. Humu kuna papa mmoja alikuwa delege, msemaji wa wafanyakazi, atakuja tu.

Delege_wa_zamani

Nimekuja, mama.

Mwanangu, nianze na hilo la kukatwa, maana nimelisikia tangu CNSS ikiitwa bado INSS, na kila mara kapita analisema kwa uso mkavu. Mchango wa CNSS ni asilimia 18 ya mshahara. Mfanyakazi anakatwa 5 tu, na hizo ni za pensheni. Patrone anatoa 13: 5 za pensheni, 6,5 za posho za familia, na 1,5 za ajali na magonjwa ya kazi. Umeona? Mchango wa ajali unatoka mfukoni mwake peke yake. Hata mwenye kontra ya miaka ishirini hajawahi kukatwa franga moja kwa ajili ya ajali. Sasa wewe utanyimwaje kwa sababu hukukatwa kitu ambacho hakikatwi mtu?

La pili, ujurnalie wako. Kodi ya kazi, yaani sheria ya kazi, ya 2002 inasema hivi: aliyeajiriwa siku kwa siku, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, wakimchukua tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa ni ya muda usio na mwisho. Wewe tangu mwezi wa tatu umezipita hizo 22 mara ngapi? Kapita anasoma majina kila asubuhi ili ujione mgeni kila asubuhi.

Na kontra ya karatasi isipokuwepo, mfanyakazi anaruhusiwa kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote. Tafuta chochote chenye tarehe.

Kama patrone hakukuandikisha CNSS, kosa ni lake. Nadhani ndiyo sababu ya haraka ya hiyo saini: ajali ikitangazwa, watamuuliza wafanyakazi wengine wako wapi kwenye listi.

Sudere_Kampemba

Aksanti papa. Chenye tarehe... mke wangu ndiye anashika daftari ya likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) ya kartie. Kila Jumamosi tangu mwezi wa tatu ameandika mchango wetu, na pembeni anaweka "ya atelie". Inasaidia?

Delege_wa_zamani

Mshukuru huyo mke. Weka daftari mahali pakavu.

Muuguzi_Ruashi

Nami niseme la upande wetu. Hao wa dispansere walikuandikia nini? Si risiti ya dawa, nauliza cheti. Rudi ukaombe cheti cha kwanza chenye tarehe, saa, jeraha lenyewe, na neno "ajali ya kazi". Wagonjwa wengi wanakuja kwetu, kapita anajibu kwa niaba yao mlangoni, kwenye rejista inaandikwa "amejikata". Amejikata wapi? Nyumbani akimenya mihogo? Mwaka mmoja baadaye hakuna wa kukumbuka.

Halafu kuna cheti kingine, cha mwisho, kidonda kikishatulia. Hicho ndicho kinaonyesha mkono umepungukiwa kiasi gani, na dokta wa CNSS anakitazama kupima asilimia. Upungufu mdogo unalipwa mara moja, mkubwa unalipwa kwa rente, yaani malipo ya kila mara. Wewe ni sudere na ni mkono wa kuume, usikubali mtu apime leo kitu ambacho hakijapona. Hizo 300.000 amezihesabu kwa vidole gani?

Usiache kubadilisha bandeji kila siku mbili. Ukiona uvimbe unapanda kuelekea kiganja, usingoje Jumatatu.

Kamalondo_Noir

Sheria ni nzuri kwenye karatasi. Mjomba alifuata dosie (faili) yake mpaka viatu vikaisha, kila akifika anaambiwa saini moja imekosekana. Mtoto wa watu ana njaa leo. Angechukua 300.000, akafungua kazi ndogo. Ninyi mnampa matumaini, hamumpi unga.

Delege_wa_zamani

Kuhusu dosie husemi uongo, ndugu. Zinachelewa, na hakuna anayekuja kukutafuta nyumbani. Lakini unga wa leo si wa CNSS peke yake. Ajali inasimamisha kontra, haiivunji. Wakati huo patrone anadaiwa matunzo ya mfanyakazi na familia yake, na theluthi mbili ya mshahara. Anavyojinunulia dawa ni deni la patrone, azishike risiti zote. Piga hesabu: mshahara wa wiki tatu, dawa, na miezi inayokuja kabla hajashika tena chuma. 300.000 inaishia wapi?

Akitaka kupokea, apokee kama malipo ya mwanzo, aandike hivyo, na aliondoe lile neno "sitadai tena". Wakikataa, utajua walikuwa wananunua nini.

Mpanda_pikipiki

Samahani kuingilia. Mimi niligongwa asubuhi nikienda kazini, bado sijafika kwenye mlango wa sosiete. Patrone anasema barabara si yake.

Delege_wa_zamani

Njia ya kutoka nyumbani kwenda kazini na kurudi imo ndani ya ajali za kazi, ilimradi hukupinda kwa shauri lako mwenyewe. Fungua uzi wako, tutaongea. Humu tumalize ya vidole.

Mchimbaji_K

Na sisi bachimbaji ba mukono tuko fasi gani mu hii sheria? Hatuna patrone, hatuna kapita. Mutu akifia mu shimo tunachanga makuta, pesa ya sanduku ya maiti, njo mwisho.

Delege_wa_zamani

Hapo sina jibu la kukufurahisha, mdogo wangu. Sheria hii imejengwa juu ya patrone.

Sudere_Kampemba

Niende wapi kwanza? CNSS au tribinali?

Delege_wa_zamani

Tribinali ni ya mwisho. Andika barua kwa patrone: siku, saa, mashine, kifuniko kilichokosekana, mashahidi, na umwombe aitangaze ajali CNSS. Kutangaza ni kazi yake. Nakala igongwe muhuri, na kama wanakataa kuipokea, mtu wa pili ashuhudie. Nakala nyingine peleka mwenyewe CNSS, ukiwa na cheti. Nyingine kwa inspekteri wa kazi. Huyo anawaita wote wawili kuwapatanisha, na mkishindwana anaandika hivyo. Bila karatasi yake tribinali haikupokei. Jina la sosiete kubwa liandike pia, maana chuma ulichokuwa unakata ni chao. Na usikae, hizi taarifa zina siku zake.

Sudere_Kampemba *(siku tisa baadaye)*

Wandugu, habari. Dispansere walisumbua kidogo, lakini cheti nimepata, na neno "ajali ya kazi" limo. Barua wamekataa kupokea, tulikuwa wawili. CNSS wamegonga muhuri kwenye nakala yangu. Inspekteri ametoa barua ya kutuita Alhamisi.

Jana jioni kapita amepiga simu. Sasa ni 700.000, na anauliza kwa nini nimeharibu urafiki. Nimemwambia tutaonana Alhamisi. Mwenzangu mmoja aliyeona yuko tayari kusema, mwingine ameogopa, simlaumu, ana watoto sita.

Papa delege, daftari ya likelemba nije nayo yenyewe au picha inatosha? Mke wangu hataki itoke nyumbani, imeandikwa makuta ya wamama kumi na wawili.

Delege_wa_zamani

Njoo na daftari yenyewe, na mke wako aje nayo mkononi. Inspekteri aisome akiwa ameishika yeye. Nitakungoja nje saa mbili.