Msajili wa ndoa kugeuzwa mpelelezi: mnaonaje?

Mleta mada, Kibokoni:
Jamaa zangu, kule Uingereza sheria ya uhamiaji ya 1999, kifungu cha 24, inamlazimu msajili kuripoti wizarani bila kukawia akishuku kuwa wawili wanaoana kwa ajili ya makaratasi ya ukaazi tu. Na tangu Machi 2015, notisi ya ndoa, ile ya siku 28 kabla ya kuoana, yaweza kuvutwa hadi 70 wachunguzwe. Mimi napinga. Mpwa wangu alienda kutoa notisi na mchumba wake Mzungu, wakaitwa mmoja mmoja. Akaulizwa tarehe ya kuzaliwa ya bwana. Mwezi akapatia, siku akakosea. Msajili akainama, akaandika. Mimi na mke wangu tuna miaka 22, na hadi leo siku yake nakumbushwa na watoto!

Mchangiaji, Likoni:
Kaka, usitutie huruma. Ndoa za makaratasi hapa pwani hatuzijui? Kijana wa ufuoni na bibi wa miaka sabini, mapenzi ya wiki mbili. Na sisi wenyewe je? Katiba yetu ya Kenya inataka miaka 7 ya ndoa ndipo mgeni aombe uraia, na sheria ya uraia ya 2011 inamkatalia aliyeoa kwa ajili hiyo. Mwizi ni mwizi, awe Nyali au London.

Mchangiaji, Mji wa Kale:
Mimi niliposwa na mtu niliyezungumza naye mara mbili, tena shangazi yuko kando. Siku ya nikaha nilikuwa chumbani na hina mikononi. Baba na mashahidi wakaja kuniuliza kama nimeridhia, wakarudi msikitini kuniozesha. Nina watoto wanne. Sasa nipeleke mbele ya msajili wa kule aniulize tulikutana wapi, tulipendana lini. Nitamjibu nini?

Mchangiaji, Likoni:
Hapo umenibana, dada. Lakini ripoti si hukumu. Na wapo madalali wanaowauza wasichana kwa ndoa hizo. Msajili akinyamaza, nani atamwona binti anayetetemeka?

Mleta mada:
Anayetetemeka aulizwe pembeni, hilo sina neno. Ila tazama tofauti: sheria yetu yasubiri miaka 7 waishi, ndipo iulize. Ile yashuku kabla hawajaoana, kwa dakika chache za mezani. Mpwa wangu na mchumba wake walivutiwa notisi hadi siku 70. Ukumbi washaulipia, arusi iwe siku ya 40. Pesa hazikurudi.