Uchumi wa tabia: niombe uchumi au saikolojia?

Kijana wa Chumbageni
Shikamooni wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita hapa Tanga, mchepuo wa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), na ninatamani kusomea uchumi wa tabia, yaani namna watu wanavyofanya maamuzi ya fedha. Mama yangu anauza samaki, na kila jioni hutia akiba katika kibubu ilhali anayo akaunti ya simu. Akiulizwa, hujibu kwamba hela ya simu mlango wake hauna komeo. Katika vyuo nilivyovitazama sijaona shahada ya kwanza yenye jina la uchumi wa tabia. Je, niombe uchumi au saikolojia?

Mstaafu wa Raskazone
Marahaba, mwanangu. Mama yako amekwisha kukupa somo la kwanza: anayejua kwamba kesho atashawishika hujifungia fedha leo. Hata hivyo, omba uchumi na takwimu, shahada ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo, kwa kuwa fani hii si kusimulia vituko vya watu bali ni kuvipima. Wachumi Duflo, Kremer na Robinson, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2011, waliwapa wakulima wa magharibi mwa Kenya nafasi ya kununua mbolea na kupelekewa bila nauli mara tu baada ya mavuno, fedha zikiwa bado mkononi, na wengi zaidi wakaitumia. Nafasi hiyo hiyo ilipotolewa baadaye, wakati wa kuweka mbolea, haikuvuta watu kiasi hicho. Tofauti ya namna hiyo huwezi kuithibitisha bila takwimu.

Binti Pangani
Shikamoo mzee, kwa heshima, napingana nawe kidogo. Kahneman, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2002, alikuwa mwanasaikolojia, na ni yeye na mwanasaikolojia mwenzake Tversky walioonyesha mwaka 1979 kwamba hasara humuuma mtu kuliko faida ya kiasi kile kile inavyomfurahisha. Lakini mdogo wangu, mimi niliyesoma saikolojia nakuonya: majaribio 100 ya fani yetu yaliporudiwa, matokeo yakatangazwa mwaka 2015, ni thuluthi moja na ushei tu yaliyosimama. Popote utakapokwenda, usikose somo la mbinu za utafiti.

Kijana wa Chumbageni
Ahsanteni sana. Nitaomba uchumi na takwimu, kisha nichukue saikolojia katika masomo ya hiari kadiri chuo kitakavyoruhusu. Mama nimemsomea majibu yenu, naye anauliza ada ya hilo somo la kwanza atalipwa na nani.