Mwenyekiti wa kamati ya usalama ndiye mwenye mradi: nani atamkagua?

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Mimi ni fundi sanifu wa maabara katika chuo kikuu ambacho sitakitaja, kwenye mradi wa brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba kwa ng'ombe ambao watu wengi huupata kwa maziwa mabichi, lakini sisi wa maabara tunaweza kuupata kwa kuvuta hewa tu pale sahani ya kuoteshea bakteria inapofunguliwa.

Ndiyo maana sahani hizo hufunguliwa ndani ya kabati la usalama, ambalo huvuta hewa ndani na kuichuja, na ambalo hutakiwa kukaguliwa na mtaalamu kila mwaka. Stika ya ukaguzi kwenye kabati letu ni ya mwaka 2019. Mwezi wa tatu nilibandika kipande cha karatasi laini kwenye ukingo wa kioo chake nione hewa inaelekea wapi. Badala ya kuvutwa ndani, kilining'inia kimya, na mlango ulipofunguliwa kikapeperukia usoni kwangu. Niliandika barua siku hiyohiyo. Nikajibiwa kwa mdomo kwamba mfadhili hasubiri.

Baadaye mwenzangu akashikwa na homa za jioni, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Alitibiwa malaria mara mbili, ingawa vipimo havikuonyesha malaria, hadi alipopimwa brusela na kukutwa nayo. Dawa za wiki sita amenunua kwa fedha zake. Mkuu wa mradi alimwambia huenda alikunywa maziwa mabichi nyumbani, na katika daftari la matukio hakuna hata mstari mmoja unaomhusu.

Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha Texas A&M nchini Marekani, mtafiti aliyesafisha chemba ya kupulizia vimelea aliambukizwa brusela hiihii, na chuo kikakaa kimya hadi mwaka 2007, watu wa nje walipodai nyaraka. Kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa kilisimamisha utafiti wa vimelea hatari chuoni hapo, na mwaka 2008 chuo kikalipa dola milioni 1. Huko walificha vilevile, lakini alikuwapo mtu wa nje mwenye uwezo wa kufunga mlango. Kwetu mwenyekiti wa kamati ya usalama ndiye huyohuyo mkuu wa mradi, yaani barua yangu ya malalamiko ilipelekwa kwa mlalamikiwa.

Ninachodai ni kabati lifungwe mpaka likaguliwe, sote tupimwe damu, mwenzetu arudishiwe gharama zake, na kamati iongozwe na mtu asiyekula fedha za mradi. Jumatatu nimepangiwa sahani arobaini. Sitazifungua.