Mjadala: Moi Avenue ifungiwe magari wikendi za kiangazi?

Kivulini

Swali ninaloleta mezani: kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, jua linapowaka na mvua ikiwa mbali, Moi Avenue ya Nairobi ifungiwe magari Jumamosi na Jumapili, kutoka makutano ya Kenyatta Avenue hadi Haile Selassie Avenue, waachiwe wanaotembea? Mimi nasema ifungwe.

Katikati ya Nairobi ni padogo. Ukifuata Kenyatta Avenue kutoka Uhuru Highway hadi Moi Avenue ni kama kilomita moja tu. Ndani ya eneo hilo kuna jumba la Kumbukumbu za Taifa (National Archives), jumba la mikutano la KICC lenye orofa 28 lililokamilika 1973, maktaba ya McMillan ya 1931, Msikiti wa Jamia, bustani ya Jeevanjee ambayo jiji lilipewa 1906, sanamu ya Dedan Kimathi iliyozinduliwa Februari 2007, na bustani ya kumbukumbu ya waliouawa kwa bomu Agosti 7, 1998. Mkazi wa Kayole au Kangemi huvipita vyote hivi akikimbilia matatu, macho chini asije akakanyaga shimo. Jiji ni lake, lakini halioni.

Kuhusu jua, tulielewe vizuri kwanza. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu mwa ikweta. Joto lenyewe halitishi, Februari mchana ni kama nyuzi 27 au 28, lakini miale ni mikali na hewa ni kavu. Jasho hukauka kabla hujalihisi, kwa hiyo mtu hajui kuwa anaishiwa maji mpaka kichwa kianze kumgonga. Nusu lita ya maji kwa kila saa ya kutembea ni kiasi cha chini. Tena jua la Februari halifiki utosini saa sita kamili. Saa zetu zinapimwa kwa longitudo ya digrii 45 na Nairobi iko karibu na 37, kwa hiyo kilele chake ni karibu saa saba kasorobo. Wakati huo ukuta wa jengo hautoi kivuli cha maana, na kinachosaidia ni kibaraza au mti.

Moi Avenue inaelekea kaskazini-magharibi. Asubuhi kivuli kiko upande wa jengo la Ambassadeur na Kumbukumbu za Taifa, na kuanzia saa nane mchana kinahamia upande wa jengo lililokuwa Hilton. Leo mtu akitaka kukifuata itabidi avuke katikati ya matatu. Barabara ikifungwa atavuka popote apendapo.

Steji Haina Usingizi

Ndugu Kivulini, umesema vizuri kuhusu jua, ila umesahau abiria. Wanaotembea katika jiji hili wako wa aina mbili: anayetembea kwa kupenda na anayetembea kwa kukosa nauli. Huyo wa pili ndiye mwingi. Asubuhi utamkuta njiani kutoka Kibera na Mukuru akielekea Industrial Area, hayuko Mama Ngina Street akitazama sanamu.

Tulishaonjeshwa jambo hili. Desemba 3, 2018 matatu zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Watu wakashushwa Muthurwa, Ngara na kwingineko, wakamaliza safari kwa miguu na mizigo yao, wagonjwa na wajawazito wakiwamo. Kesho yake amri ikasimamishwa. Mwaka uliofuata serikali ikatangaza kwamba kuanzia Februari 1 Jumatano na Jumamosi zitakuwa siku bila magari, na hilo nalo likaahirishwa. Sababu haikuwa ubishi wa madereva. Huwezi kumwondolea mtu gari kabla hujamwekea lingine.

Sasa niambieni: gari linalogeuzia Ambassadeur Jumamosi litageuzia wapi? Mkifunga Moi Avenue, yote yanamwagwa Tom Mboya Street, ambayo tayari haipumui. Matatu inayongoja ijae haizimi injini, na moshi wa dizeli unabaki pale pale kwa mchuuzi na mpita njia. Mtakuwa mmehamisha moshi kutoka barabara ya maofisi hadi barabara ya wanyonge.

Fundi Kabro

Kabla ya kufunga au kutofunga, kuna jambo ambalo hamjaligusa. Miezi hiyo mnayotaka watu watembee ndiyo miezi ya kutengeneza njia za miguu. Mvua za masika zikianza huwezi tena kushindilia udongo ukakubali. Kazi ifanyike Januari, au isubiri mpaka Juni.

Kabro, yaani matofali ya zege ya kutandaza njiani, ikilazwa sawasawa hukaa miaka mingi. Panapopita watu tu, tofali la milimita 60 linatosha, na kwenye mlango wa gari la kuegesha au kushusha mzigo liwe la 80. Chini yake pawe na changarawe iliyoshindiliwa, juu ya changarawe mchanga wa milimita 30 hadi 50 uliosawazishwa, na pembeni mawe ya ukingo yaliyofungwa kwa zege. Ukingo ndio unaoshika kila kitu. Ukilegea, matofali yanaanza kuachana, mchanga wa viungo unatoka, maji yanaingia, na mguu ukikanyaga tofali linainuka upande mmoja na kukurushia tope hadi magotini. Wengi hudhani kabro imechakaa, kumbe ni ukingo ulioachia.

Adui wa pili ni anayefukua. Anakuja wa maji, anakuja wa nyaya za intaneti, kila mmoja anachimba mtaro wake, anarudisha udongo bila kushindilia, anapanga matofali juu na kuondoka. Wiki chache tu pamebonyea. Dawa inajulikana: udongo urudishwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka ishindiliwe, na aliyechimba asilipwe amana yake mpaka mvua moja ipite. Adui wa tatu ni mwizi wa vyuma. Mfuniko wa chuma wa shimo la maji taka una bei kwa wauza vyuma chakavu, wa zege yenye nondo hauna. Tuweke wa zege.

Mimi siungi mkono kufunga mwaka wa kwanza. Kiangazi kimoja kitumike kutengeneza, kinachofuata ndipo tufunge.

Magurudumu Manne

Fundi, asante, lakini usitucheleweshe mwaka mzima. Anayetumia kiti cha magurudumu anajua kwamba lami nyororo ni bora kuliko kabro nzuri. Barabara ikifungwa, siku hiyo hiyo tunapata njia pana isiyo na ukingo wa sentimita 15 kila baada ya jengo. Kwetu sisi kufunga ndiko kutengeneza kunakopatikana haraka.

Ila kuna masharti. Nguzo za kuzuia magari ziachiane angalau sentimita 90, kiti kipite, na nafasi hiyo isizidi mita moja na nusu, la sivyo gari dogo litajipenyeza. Bodaboda itapita hata hivyo, kwa hiyo lazima awepo mtu pale. Ngazi zote za kuingilia barabarani ziwe na mteremko wa moja kwa kumi na mbili. Na kwenye makutano ya Kenyatta Avenue, ambako magari yatabaki, muda wa kuvuka upimwe upya. Mtu mwenye afya hutembea mita 1.2 kwa sekunde, mzee au mwenye magongo hutembea 0.8. Upana wa mita 24 unamtaka wa kwanza sekunde 20 na wa pili sekunde 30. Taa inayotoa kumi na tano imemhukumu mtu kusimama katikati.

Kwa Steji: kituo cha kushukia kisizidi mita 200 kutoka mwisho wa barabara iliyofungwa. Hapo nitakuwa nawe.

Mtembeza Wageni

Niongeze la siku na saa, maana ndipo mipango mingi huharibikia. Jumapili Kumbukumbu za Taifa hufungwa na maduka mengi ya Biashara Street hayafunguliwi. Ukifunga Jumapili peke yake, umewapa watu barabara tupu yenye milango iliyofungwa. Jumamosi asubuhi ndiyo yenye uhai. Mimi ningefunga Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na Jumapili niiache.

Ndani ya Jumamosi hiyo, mwenye kutembea aipange siku yake kwa jua. Saa mbili hadi saa tano: Jeevanjee, asikilize mabishano ya siasa yasiyokatika pale, ashuke Biashara Street chini ya vibaraza, apite Jamia na City Market. Saa tano hadi saa nane awe ndani ya jengo, na aanzie Kumbukumbu za Taifa, maana Jumamosi hufungwa mapema. Ukanda wa miti wa Aga Khan Walk, ambao hauna magari tangu zamani, uwe wa alasiri, na KICC imalizie siku, kwa sababu kutoka juu mwanga wa saa kumi na moja unaonyesha jiji vizuri kuliko wa adhuhuri. Simu ikae mfuko wa mbele. Kamera isielekezwe kwenye Bunge wala kwa polisi, walinzi hawana subira na hilo.

Vyoo ndivyo vinavyotuangusha. Vya kulipia vipo, kimojawapo Aga Khan Walk, lakini havitoshi wingi wa watu wa Jumamosi. Bila kuongeza vyoo na mabomba ya maji ya kunywa, watu watatembea saa mbili na kurudi nyumbani.

Duka la Luthuli

Mfano mnao jirani na hamuutaji. Luthuli Avenue ilifanyiwa ukarabati 2019: ikawa ya upande mmoja, njia za miguu zikapanuliwa. Wenye maduka ya redio na televisheni walihofia biashara itakufa. Lakini mteja wa redio haji na gari mpaka mlangoni, anakuja kwa miguu. Kinachohitaji gari ni mzigo wa duka, na mzigo una saa zake: kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Mkiandika ratiba hiyo na kuisimamia, wafanyabiashara wa Moi Avenue hawatakuwa na la kulalamikia. Msipoiandika, mikokoteni itajaa mchana katikati ya watembea kwa miguu.

Jambo la usalama pia: kituo cha zimamoto kiko Tom Mboya. Hata barabara ikifungwa, iachwe njia ya mita nne katikati, isipangwe meza, isitandazwe mitumba. Kanjo, askari wa kaunti, wasisubiri moto uwake ndipo waanze kufukuza wachuuzi. Mstari upakwe rangi, kila mchuuzi ajue mpaka wake na apewe nafasi ya halali nje ya mstari.

Kivulini

Nimesikia. Jumamosi peke yake nakubali, na ratiba ya mizigo nakubali. Kwa Fundi: tufunge vipande. Kipande cha Kenyatta Avenue hadi City Hall Way kifungwe kiangazi hiki, cha kusini kitengenezwe wakati huo huo, mwakani tubadilishane. Miti ipandwe mwishoni mwa Machi mvua ikianza, kila shimo mita moja na nusu kwa moja na nusu, na kila mche upewe lita 20 mara mbili kwa wiki katika viangazi viwili vya kwanza. Mjakaranda unafaa: hupukutisha majani kabla ya maua ya Septemba hadi Novemba, na Januari unakuwa umeshavaa majani, wakati tunapohitaji kivuli.

Steji Haina Usingizi

Kipande kifupi kinazungumzika. Basi na mimi niweke bei yangu. Matatu za Ambassadeur siku hiyo zishushe Haile Selassie, upande wa stesheni ya reli. Zisingoje zijae, zipewe dakika kumi kila moja na injini izimwe, na nauli isipande. Mzee mwenye gunia apate mkokoteni wa kaunti bila malipo kutoka hapo hadi mwisho wa kipande kilichofungwa. Mkiniandikia hayo manne kabla ya Januari, nitawaeleza madereva mimi mwenyewe. Mkileta amri tupu kama ile ya 2018, tutakutana tena Muthurwa.