Nataka kubobea katika usingizi wa watoto: nianzie wapi nikiwa Tanga?

Daktari wa Chumbageni

Assalaam alaykum, na heshima kwenu wakubwa wa fani.

Mimi ni daktari niliyemaliza shahada ya kwanza na mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na sasa ninafanya kazi katika kituo cha afya hapa Tanga mjini. Katika wagonjwa wa nje ninaowaona kila siku kuna watoto wanaoletwa kwa homa au kikohozi, lakini ukimuuliza mama kwa utulivu unakuta kwamba tatizo kubwa zaidi liko usiku. Yuko anayekoroma hadi majirani wanamsikia, analala kinywa wazi na kujigeuza usiku kucha. Yuko mwenye selimundu (sikoseli) anayeamka na maumivu ya kichwa. Yuko mwenye usonji ambaye halali mpaka usiku wa manane, na nyumba nzima inakesha naye. Na yuko ambaye walimu wamekwisha kumwita mvivu kwa sababu anasinzia tangu kipindi cha kwanza. Wengine wamepelekwa kusomewa kabla ya kufika kwetu, nami simlaumu mzazi hata mmoja, kwa kuwa mtoto anayepiga mayowe usiku macho wazi, asimtambue hata mama yake, anatisha, na mtu wa karibu wa kukimbiliwa saa hizo ni mwalimu wa madrasa.

Katika kusoma nimeona kwamba katika nchi nyingine hii ni fani kamili, yenye madaktari wake, wanasaikolojia wake na mitihani yake. Ninaomba mnieleze njia ambayo mtu aliye Tanga anaweza kuifuata bila kupoteza miaka, na kama atakaporudi atapata pa kufanyia kazi. Ninauliza pia kwa niaba ya mdogo wangu wa kike, ambaye ana shahada ya saikolojia na anavutiwa na upande huohuo.

Bingwa wa Watoto, Moshi

Wa alaykumu salaam, mdogo wangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu madaktari wengi huyaona hayo uliyoyaona na wakaandika dawa ya kikohozi tu.

Hapa nchini usingizi wa watoto haujasimama kama ubingwa wa peke yake. Unaingiwa kwa kupitia ubingwa mwingine: watoto, masikio pua na koo, au magonjwa ya akili. Kwa maelezo yako ningekushauri uanze na ubingwa wa watoto, pale Muhimbili au hapa katika hospitali ya KCMC, ambako mafunzo hayapungui miaka 3. Sababu yangu ni kwamba wagonjwa uliowataja wana usingizi mbovu kutokana na maradhi yanayotibiwa na daktari wa watoto, na anayetaka kuushughulikia usingizi bila kuujua ugonjwa ulio chini yake atakuwa anatibu dalili.

Mkoroma wako ndiye mfano mzuri. Mara nyingi mtoto wa miaka 2 hadi 8 anayekoroma kila usiku na kukatikiwa pumzi ana mafindofindo au nyama za puani zilizokua mno. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Marekani uliowahusisha watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, wengine wakifanyiwa upasuaji mapema na wengine wakisubirishwa kwa uangalizi. Baada ya miezi 7 vipimo vya usiku vilikuwa vimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa, na kwa asilimia 46 ya waliosubiri. Tabia na maisha yao ya kila siku yaliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa kipimo cha umakini wa akili hakikuonyesha tofauti kubwa. Ninakueleza haya ili uone kwamba fani yenyewe ina hukumu ngumu ndani yake: karibu nusu ya waliosubiri walipona bila kisu, na anayepaswa kupambanua yupi asubiri na yupi asisubiri ni mtu aliyefunzwa.

Kipimo kamili cha usingizi, yaani polisomnografia, hurekodi usiku mzima mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho, misuli, hewa inayopita puani na mdomoni, mwinuko wa kifua na tumbo, oksijeni na mapigo ya moyo. Kukisoma kwa mtoto ni tofauti na kwa mtu mzima: kwa mtu mzima huanza kuhesabiwa ugonjwa pumzi ikikatika au kupungua mara 5 kwa saa, ilhali kwa mtoto hata zaidi ya mara 1 kwa saa si kawaida. Ndiyo maana mtu aliyefunzwa kwa wagonjwa ambao ni watu wazima peke yao hatoshi. Lakini usiache kuanza kwa kukosa mashine hiyo. Oksimita inayorekodi oksijeni ya usiku kucha ni rahisi mno ukilinganisha, na watafiti wamekwisha kuitumia Dar es Salaam kwa watoto wenye selimundu wanaohudhuria Muhimbili. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu nchini kila mwaka, na ukanda wenu wa pwani una sehemu yake. Tasnifu yako ya ubingwa ikihusu usingizi wa watoto hawa, utakuwa umeanza kubobea kabla hujatoka nje ya nchi, na wale utakaowaomba nafasi baadaye watakuwa na kitu cha kusoma kuhusu wewe. Hapo Tanga mna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Wafuate mapema wakueleze taratibu za kibali cha maadili.

Baada ya ubingwa, njia ninayoiamini zaidi ni programu ya ubingwa bobezi wa watoto kwa Waafrika iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Cape Town, inayofundishia katika hospitali ya watoto ya Red Cross. Humo unaweza kusomea mapafu, mishipa ya fahamu au ukuaji wa mtoto, ambayo ni mizizi mitatu ya fani ya usingizi. Mwombaji hupendekezwa na taasisi ya kwao na hutarajiwa kurudi huko, na watoto utakaowaona wana maradhi yanayofanana na ya kwetu.

Marekani mafunzo ya usingizi ni mwaka 1 baada ya ubingwa, na watu wa watoto, magonjwa ya ndani, mishipa ya fahamu, akili, na masikio pua na koo wote wanaruhusiwa. Tatizo ni kwamba kwa kawaida wanataka ubingwa wenyewe uwe umesomewa kwao, kwa hiyo utafanya mitihani yao ya leseni kisha uanze upya miaka 3 ya watoto. Anayeingia kwa viza ya mafunzo iitwayo J-1 hutakiwa kurudi kwao walau miaka 2 baada ya kumaliza. Simkatazi mtu, lakini kwa umri wako ningehesabu vizuri.

Mwanasaikolojia Tiba, Dar es Salaam

Nimefurahi kwamba mdogo wako hakusahauliwa, kwa sababu nusu ya kazi hii ni ya wanasaikolojia, nayo haihitaji mashine yoyote.

Hatua yake ya kwanza ni shahada ya uzamili ya saikolojia tiba pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, miaka 2, ambayo humtia wodini na kliniki na kumtoa katika saikolojia ya vitabuni. Akiwa pale ajitahidi kuwaona watoto kwa wingi, hasa wenye kifafa, usonji na mtindio wa ubongo, maana hao ndio ambao usingizi huwatesa zaidi pamoja na wazazi wao. Baada ya hapo kuna njia mbili. Marekani wana bodi ya tiba ya tabia katika usingizi, inayotahini na kutoa cheti, lakini mlango wake wa kawaida ni shahada ya uzamivu. Ulaya, jumuiya ya watafiti wa usingizi imekuwa ikiendesha mitihani tangu 2012, na wanasaikolojia wana mtihani wao humo. Chuo Kikuu cha Oxford nacho kina shahada ya uzamili ya tiba ya usingizi inayosomwa kwa mtandao kwa miaka 2, iliyopangwa kwa watu walio kazini. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola una mkondo wa masomo ya mbali, lakini hulipia kozi zilizoteuliwa tu, hivyo aisome kwanza orodha ya mwaka husika.

Sasa niseme jambo ninaloliona kuwa zito kuliko vyeti. Mwaka 2006 wataalamu wa Marekani walizipitia tafiti 52 za tiba ya tabia kwa watoto wadogo wanaogoma kulala au kuamkaamka, wakakuta asilimia 94 ya tafiti hizo zimeonyesha mafanikio. Ni ushahidi mzuri, nami ninautumia kila wiki. Hata hivyo mbinu nyingi zilizomo zimejengwa juu ya mtoto mwenye chumba chake, anayelazwa na kufungiwa mlango. Mtoto wa Ngamiani au Makorora analala na mama, au na ndugu zake watatu chini ya chandarua kimoja. Ukimwambia mama huyo amtenge mtoto, hatarudi kliniki, na atakuwa na haki. Yale yanayohamishika ni saa ya kulala isiyobadilika, mpangilio uleule wa kuoga, kula na kuomba dua kila usiku, simu na runinga kuzimwa mapema, na kuusogeza muda wa kulala kidogo kidogo. Kwa yule anayepiga mayowe usiku, mzazi huelezwa kwanza kwamba mtoto hayuko macho na asubuhi hatakumbuka. Kisha, kama hutokea karibu saa ileile, humwamsha kidogo robo saa hadi nusu saa kabla, kwa wiki kadhaa.

Tena kuna suala la ratiba zetu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Anayeamshwa saa 11 alfajiri lazima awe amelala saa 2 usiku ili apate hizo 9, lakini ametoka shule akaenda madrasa, akarudi kwenye masomo ya ziada na kazi za nyumbani. Hapo mgonjwa si mtoto, na mwanasaikolojia wa Tanga atakayekaa na walimu wa shule na wa madrasa pamoja, wakaipanga upya ratiba, atakuwa amefanya tiba ambayo mimi hapa siwezi kuifanya.

Afisa Tabibu, Muheza

Naomba kuuliza: je, sisi ambao si madaktari wala wanasaikolojia tuna nafasi gani? Mimi sina mpango wa kwenda chuo kikuu, lakini watoto hawa ninawaona mimi kwanza.

Bingwa wa Watoto, Moshi

Nafasi ipo, ndugu yangu, na kubwa. Kuna maswali yajulikanayo kwa herufi BEARS, yaliyochapishwa 2005: kama mtoto ana shida wakati wa kwenda kulala, kama anasinzia mchana, kama anaamka usiku, kama anakoroma, na saa anazolala zina utaratibu gani. Yalijaribiwa kwa madaktari waliokuwa bado mafunzoni, na habari za usingizi zilizoandikwa katika mafaili ziliongezeka zaidi ya maradufu. Yaandike ukutani katika chumba chako, uyaulize kwa kila mtoto mwenye selimundu, kifafa, au anayekojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Anayekoroma kila usiku na kukatikiwa pumzi mpeleke hospitali ya mkoa ya Bombo kwa daktari wa masikio, pua na koo. Aidha, ufundi wa kuendesha vipimo vya usingizi ni kazi inayojitegemea duniani, na anayeanza na kipimo cha mawimbi ya ubongo yuko karibu nayo sana.

Daktari wa Chumbageni

Ninawashukuru sana. Nimeelewa kwamba nianze na ubingwa wa watoto, na tasnifu nitaielekeza kwenye usingizi wa watoto wenye selimundu. Limebaki la ajira: mwajiri wangu ni halmashauri. Je, niombe ruhusa ya masomo sasa, au ningoje nipate udahili?

Bingwa wa Watoto, Moshi

Omba udahili na ufadhili kwa pamoja, na mwajiri umjulishe kwa maandishi mapema ili jina lako liingie katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Wizara ya Afya hufadhili ubingwa na ubingwa bobezi, na barua ya mwajiri ni miongoni mwa vitu vinavyoangaliwa. Ukija kusoma nje baadaye, kabla hujalipa ada yoyote thibitisha kwamba shahada hiyo itatambuliwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, na kwamba Baraza la Madaktari Tanganyika litaiandikisha. Kuhusu pa kufanyia kazi, utarudi ukiwa daktari bingwa wa watoto, na hospitali ya mkoa inamhitaji huyo hata kama haijawahi kusikia habari za fani ya usingizi. Kliniki ya usingizi utaianzisha mwenyewe, siku moja kwa wiki, pamoja na daktari wa masikio na huyo mdogo wako.

Mwanasaikolojia Tiba, Dar es Salaam

Mwambie anitumie ujumbe humu humu kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, nimsaidie kuandika barua yake ya kujieleza. Aitaje Tanga, na aitaje usingizi wa watoto tangu aya ya kwanza.